Mikeka Haifuti Amri

Kila asubuhi Leiwia aliketi barazani akilainisha majani ya mkadi. Aliyakwangua kwa gamba la chaza mpaka yakawa laini kama kitambaa. Kijiji kizima cha Malatapu hakikuwa na msusi wa mikeka wa kumshinda. Aliyeoa alimjia. Aliyefiwa alimjia. Na aliyemkosea mwenzake akataka radhi naye alimjia, maana kwao radhi haiombwi mikono mitupu.

Nyumba ya binti yake, Leimas, ilikuwa nyuma ya yake. Siku hizo kulisikika vicheko huko. Leimas aliparuza ndizi za laplap, chakula chao cha kuokwa kwa tui, huku watoto wake wawili wakigombania kukamua tui la nazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado mgumu kukunja, lakini aliimba.

Vicheko hivyo vilikuwa vigeni. Mume wake, Kalmaire, alikuwa amempiga kwa miaka mingi, na mwisho alimvunja mkono kwa mpini wa jembe kwa sababu chakula kilichelewa. Kutoka hospitalini, jirani yao Votausi aliwapeleka kwa polisi, kisha mahakamani Port Vila, mji mkuu. Hakimu akatoa amri ya ulinzi ya muda, inayoweza kuongezwa. Kalmaire asimpige Leimas wala kumtishia. Ahame ile nyumba, na asirudi mpaka mahakama iseme vingine. Kalmaire akachukua godoro lake, akaenda kuishi kwa kaka yake, ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Halafu ikaja Jumamosi ya mikeka.

Ndugu za Kalmaire walikuja kwenye nakamali, nyumba ya mikutano ya kijiji, na rundo la mikeka, viazi vikuu, mizizi ya kava ya kutengenezea kinywaji, na nguruwe mmoja aliyefungwa kwenye mti. Mikeka mingine Leiwia aliisuka mwenyewe. Chifu Taripoa alizungumza kwa kirefu. Kalmaire alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Leiwia naye alitokwa na machozi. Huyu ndiye kijana aliyeliezeka upya paa lake baada ya kimbunga, wala hakutaka hata ahsante. Mjomba wa Leimas akapokea mikeka. Watu wakapeana mikono, nguruwe akaliwa, kava ikanywewa.

Kila mtu Malatapu alijua maana yake. Jambo likishafunikwa kwa mikeka, halitajwi tena. Atakayelifukua amewavunjia heshima wote waliokaa pale, na atatozwa nguruwe mwingine.

Jioni ile Kalmaire alirudi, godoro begani. Leimas alisimama mlangoni kidogo, kisha akampisha.

Siku za kwanza zilikuwa njema. Kisha zile nyimbo zikakoma. Watoto wakaanza kula kwa bibi yao na kukawia kuondoka. Leimas alikuja kuazima chumvi, akasimama ameishika mkononi kama amesahau alichofuata.

"Kuna nini, mwanangu?" Leiwia aliuliza.

Leimas alitazama nyuma kwanza. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba jana mumewe alirudi amelewa bia. Alichomeka panga kwenye mwimo wa mlango, akaliacha pale. Akasema safari hii hatavunja mkono, atamaliza kazi.

Leiwia aliweka chini gamba lake la chaza. Akamwambia wamwite polisi sasa hivi.

"Nitamwambia nini, mama? Ile karatasi ya mahakama imekwisha. Mikeka imepokewa." Leimas alijifuta pua kwa ncha ya nguo. "Nikienda polisi mjomba atatozwa nguruwe kwa ajili yangu. Na mama mkwe ameshaniuliza, hakimu wako atakuja kukulimia viazi vikuu?"

Hata Leiwia aliamini kwamba mikeka ilikuwa imeimaliza ile karatasi. Lakini miguu yake ilimpeleka kwa Votausi, aliyekuwa akitundika mitumba kando ya barabara. Votausi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na alikuwa kwenye kamati ya wanawake inayosaidia watu wanaopigwa majumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, shati likimning'inia mkononi.

"Nani kakwambia amri imekwisha?" akauliza.

"Chifu. Mjomba. Watu wote."

"Na hakimu je?"

"Hakimu hakuwepo."

"Basi bado ipo." Votausi alilitundika lile shati. "Sikiliza, dada. Mikeka ni ya ukoo kwa ukoo. Ni mizuri, siidharau. Inawafanya ndugu wasalimiane tena. Lakini amri aliitoa hakimu, na hakimu peke yake ndiye wa kuiondoa. Chifu hawezi. Mjomba hawezi. Hata Leimas mwenyewe hawezi kuifuta kwa kusema amesamehe."

Leiwia aliuliza kwa woga kama binti yake naye amefanya kosa, kwa kuwa alimpisha mlangoni.

"Hapana. Amri inamfunga Kalmaire, haimfungi Leimas. Aliyeivunja ni yule aliyeambiwa asiingie akaingia. Na lile panga? Si lazima limkate mtu. Kutisha peke yake ni kuvunja amri, na kuvunja amri ni kosa la kukamatwa."

"Atasema alimtolea mahari."

"Aseme. Sheria yetu ya kulinda familia inasema wazi kwamba mahari si ruhusa ya kupiga. Alioa mke, hakununua ngoma."

Leiwia nusura acheke. Votausi alikwisha kutoa simu. Aliwapigia polisi, akawaambia kuna amri ya mahakama, imevunjwa, na kuna panga. Walisema wanakuja, ila barabara ilikuwa mbovu. Leiwia alirudi mbio, akawachukua Leimas na watoto, akawapeleka nyumbani kwa Votausi na kuwafungia ndani. Kalmaire alikuwa bado shambani. Lakini Leimas alikataa katakata kusema lolote mbele ya polisi kabla chifu hajajua. Hakutaka kuishi kijijini kama mtu aliyefukua kaburi.

Kwa hiyo Leiwia na Votausi walikwenda nakamali.

Chifu Taripoa alikuwa akitwanga kava na wazee wawili. Wanawake waliketi mlangoni, mahali pao. Votausi aliposema neno amri, chifu aliweka mchi chini. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba jambo hilo limekwisha, na kwamba kulitaja ni kumtukana yeye.

"Nguruwe ameliwa, Votausi."

"Nguruwe ameliwa, mzee. Amri haikuliwa."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Chifu hakucheka. Alisema desturi ilikuwepo kabla ya mahakama, na karatasi ya Port Vila haiwezi kukaa juu ya mikeka ya Malatapu.

Hapo Leiwia akasema. Hakuwahi kusema mahali pale maishani mwake.

"Chifu, unamkumbuka dada yangu Leitau?"

Chifu akageuka, akamtazama.

"Mumewe alipompiga mara ya kwanza, ndugu zake walileta mikeka. Tulipokea. Ya pili wakaleta mingine, tukapokea, tukaambiwa tusitaje. Mara ya tatu mikeka niliisuka mimi, nikamviringishia dada yangu, tukamzika." Sauti yake haikupanda. "Mikono hii imechoka kusuka ya namna hiyo. Sisemi desturi ni mbaya. Nasema haikumlinda."

Chifu Taripoa alitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwepo siku ile. Alishika ncha moja ya ule mkeka kaburini.

Kisha aliuliza, kana kwamba anamuuliza mtoto aliyekwenda shule, "Amri ikibaki, je, mapatano ya mikeka yamevunjika?"

"Hapana, mzee," Votausi alisema. "Koo zenu zimepatana, na zibaki zimepatana. Ila Kalmaire akae nje ya ile nyumba. Vyote viwili vinaweza kusimama."

Chifu aliinuka, akachukua fimbo yake. Njiani alimwambia Leiwia kwamba hakuna atakayetozwa nguruwe.

Gari la polisi lilifika Kalmaire akinawa miguu nyumbani. Alianza kubisha, akasema wamekwisha kupatana, muulizeni chifu. Chifu alikuwa amesimama pale pale. Akamwambia, "Mwanangu, nilikukosesha. Nilikuacha uamini mlango umefunguliwa. Haukufunguliwa. Nenda nao." Kalmaire akainamisha kichwa. Polisi alichomoa lile panga kwenye mwimo, akalifunga kwenye gunia.

Leimas alieleza kila kitu mbele ya polisi mwanamke, na safari hii sauti yake haikuwa ndogo. Kalmaire alishtakiwa kwa kuvunja amri. Alikaa ndani kwa muda, kisha akaachiwa chini ya masharti: akae kwa kaka yake, aache bia, na kila wiki aende kuzungumza na mchungaji wa mji jirani anayewasaidia wanaume wanaopiga wake zao waache. Watoto aliwaona Jumapili baada ya ibada, kaka yake akiwepo. Mwanzoni walijificha nyuma ya bibi yao. Baadaye mmoja wao, Leinasei, akaanza kumpelekea maembe.

Na nakamali ikabadilika kidogo. Watu wakija na mikeka kwa ajili ya mke aliyepigwa, Chifu Taripoa huuliza kwanza kama kuna amri ya mahakama. Ikiwepo, husema mbele ya wote kwamba mikeka itapokewa na amri itabaki. Wengine hununa. Yeye hurudia.

Muda wa amri ulipokaribia kwisha, ndugu za Kalmaire waliomba isiongezwe. Walisema amebadilika, na kwa kweli alikuwa amepungua ukali. Hakimu hakuwauliza wao. Aliwatoa wote nje, mama mkwe, mjomba, hata Leiwia, akabaki na Leimas na karani. Akamwambia hakuna atakayemkasirikia humu ndani kwa jibu lolote. Je, yuko tayari amri iishe?

Leimas alifikiri. Alimfikiria Kalmaire akicheka na watoto Jumapili. Alifikiri jinsi yeye mwenyewe anavyoshtuka bado mlango ukigongwa. Kwa miaka mingi watu wengine walikuwa wamemjibia.

"Bado," alisema.

Hakimu akaandika, akaongeza muda. Leimas akatoka nje kwenye jua, ambako mama yake alikuwa akimsubiri.