Ukianza Huachi

Watu wa Gando, na nyinyi wa mbali mtakaofikiwa na maneno haya, leo sina upole. Jina langu Mwanapili, nachoma mikate ya mofa karibu na msikiti, na wanaonijua wanajua kuwa nina mdomo. Basi leo nautumia, na atakayeudhika na audhike.

Nataka kuwaeleza yaliyotokea nyumbani kwa Nyange seremala, masika yale yaliyofuata uchaguzi wa marudio. Mvua ilikuwa inanyesha toka alfajiri, inapumzika kidogo, inarudi. Lakini nyumba ile ilikuwa na furaha, ukipita njiani tu unaisikia. Nguo za kichanga zimetundikwa upenuni, uji wa pilipili manga unanukia mpaka kwangu, na Nyange, mtu mkimya yule, anapiga randa huku anaimba kasida. Mkewe, Shatha, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Wamekaa kwenye ndoa miaka, mimba mbili zimeharibika, wenye midomo michafu wameshamsema vya kutosha. Sasa Mungu kampa Hamzah, kijana mwenye nywele tele na sauti ya kuamsha mtaa. Mnajua raha ya kumsikia analia? Mimi jirani nilikuwa nikimsikia nacheka peke yangu kwenye tanuri.

Kumlea mzazi alikuja mama yake Shatha, Bi Thuraiya, kutoka Makoongwe. Sitomnyima haki yake: mama yule alikuwa hodari. Kule kwao kisiwani kila mwanamke akijifungua huitwa yeye. Asubuhi na jioni anamkanda mwanawe kwa maji ya moto, anampaka manjano na samli, anamfunga tumbo, anamnywesha uji mwenyewe kwa mkono wake. Na moto wa mzazi, huo ndio alikuwa anauogopa kuliko vyote. Makaa anayawasha nje mpaka yaive mekundu, hayana moshi wala weusi. Akiyaingiza chumbani anaacha dirisha wazi, anatia udi, anakaa hapo hapo kitako mpaka mzazi apate joto, kisha anautoa moto kwa mikono yake. Nilimsikia akimwambia Shatha, "Mwanangu, moto haukai na mzazi peke yao. Mie nikitoka, nao unatoka." Arubaini ingeisha salama kwa mwendo ule.

Sasa ndiyo akaja Aseel.

Aseel ni dada yake Nyange, anafanya kazi ofisini Wete. Msichana mzuri, mchangamfu, mkono wazi, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, maana angekuwa mbaya tungemfungia mlango. Yeye ana sifa moja Gando nzima: kupendekeza tamthilia. Ukikutana naye dukani, kabla hujamaliza salamu, ameshakwambia utazame nini. Kwenye kundi la simu la wanawake wa mtaa kila siku anatuma sauti yake: masika haya msitoke, tazameni hii, mkimaliza hii tazameni ile. Siku hiyo amekuja kumtazama mzazi, kaleta kanga, kaleta sabuni, ahsante. Na mkononi kaleta flashi.

"Mamaangu," akamwambia Bi Thuraiya, "mvua yote hii ukae unatazama ukuta? N'nakuletea tamthilia ya Kituruki, imetiwa Kiswahili, sehemu zaidi ya mia. Ina msichana kaibiwa mwanawe hospitali, anamtafuta. Wallahi ukianza huachi."

Hebu simameni hapo. Ukianza huachi! Toka lini hiyo ikawa sifa? Kitu mtu akikianza hawezi kukiacha, sisi wazee tunajua jina lake, na watoto wetu wanaookotwa vichochoroni wamepotea kwacho. Lakini likisemwa na msichana mzuri mwenye marashi, kwa sauti tamu, watu wanashukuru.

Bi Thuraiya akasema, "Mie mwanangu tivii siijui." Aseel akamchomekea, akamwonesha kitufe. Shatha mwenyewe akafurahi huko chumbani, mama yake asije akachoka na upweke.

Siku za mwanzo ilikuwa sehemu moja baada ya Alasiri. Kisha tatu. Kisha uji ukaanza kuchelewa, kisha ukaja umepoa. Kukandwa kukabaki asubuhi tu. Shatha akiita, "Mama, nipatie maji," anajibiwa kutoka ukumbini, "N'nakuja mwanangu, imebaki kidogo inakwisha." Kidogo hicho kilikuwa hakiishi.

Na wageni nao! Mnakumbuka wakati ule tulivyokuwa. Huyu hanunui duka la yule kwa sababu ya chama, yule haendi harusi ya huyu, salamu tunapeana kwa kijicho. Basi ukumbi wa Nyange ukawa mahali pekee Gando ambapo vyama viwili vilikaa jamvi moja. Ningefurahi mie, lau wangekaa kwa jambo la maana. Wanakuja kwa jina la kumtazama mzazi: wanaingia chumbani, "Hongera, Mungu amkuze," wanageuka, wanakaa mbele ya televisheni mpaka Magharibi. Nyange siku hizo alipata kazi ya milango nyumba za watu, na akirudi anakuta viatu vya kike vimejaa mlangoni, naye kwa haya anazungukia uani.

Nilimkamata Aseel njiani.

"Aseel mwanangu, tamthilia ndiyo ya kuleta nyumba yenye mzazi?"

"Bi Mwanapili nawe! Mie nawaonea huruma. Nawapendekezea vitu vizuri, watu wapumue."

"Uliuliza nani atamkanda wifi yako?"

"Haa! Kwani tivii inamfunga mtu mikono?"

"Inamfunga."

Akacheka, akanishika mkono akaubusu, akaenda zake chini ya mwavuli. Na simu yangu ikalia muda huo huo: ni yeye, anapendekeza nyengine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mvua ya baada ya Adhuhuri, ile inayokuja na upepo. Maji yakawa yanaingia chumbani kwa Shatha kupitia dirishani. Alikuwa anatetemeka, mtoto naye mikono ya baridi. Akamwita mama yake. Bi Thuraiya akaja mbio mbio, maana ukumbini sehemu mpya imeshaanza na msichana yule wa Kituruki amefika mlango wa nyumba aliko mwanawe. Akafunga dirisha. Akaleta jiko, makaa hayajaiva, nusu mekundu nusu meusi, akalisukuma chini ya kitanda. Akaurudisha mlango ili makelele yasimwamshe mtoto.

"N'nakuja kuutoa sasa hivi," akasema. Haya aliyasimulia mwenyewe baadaye.

Mvua ikapiga juu ya bati hata maneno ya televisheni yakawa hayasikiki. Wakafanya nini wanawake wale? Wakaongeza sauti.

Shatha kichwa kikamuuma, kisha kikawa kizito. Akaita, "Mama!" Akajibiwa, "N'nakuja!" Akaita tena. Mtaniuliza, kwa nini hakutoka? Nitawajibu. Kapakwa manjano mwili mzima, kajifunga kanga moja, kichwa wazi, na ukumbini wamejaa wanawake ambao nusu yao hawampendi mumewe kwa sababu ya kura. Mzazi hatoki mbele za watu namna ile. Ameambiwa akae chumbani, ataletewa kila kitu, naye akaamini. Huyo ni mtoto aliyelelewa, anamtii mama yake. Alipoona mambo yamezidi na akaamua kutoka hivyo hivyo, miguu haikumchukua.

Mimi niliingia karibu na Alasiri na mkate wa mzazi umefunikwa kwa kawa. Ukumbi umejaa. Wote wanalia. Naapa, wote wanalia machozi kwa kanga, Bi Thuraiya katikati yao, kwa sababu msichana wa Kituruki amefika amekuta mwanawe keshahamishwa.

"Mzazi hajambo?" nikauliza.

"Shh! Kalala," mmoja akanijibu, jicho halijatoka kwenye kioo. "Leo kitoto kimetulia, toka Adhuhuri hakijalia."

Hamzah, yule wa kuamsha mtaa, hajalia toka Adhuhuri, na watu wazima wamekaa wanashukuru?

Nikasukuma mlango. Haukufunguka vizuri kwa sababu Shatha alikuwa ameanguka nyuma yake. Joto likanipiga usoni na harufu ya makaa. Nikapiga ukelele ambao mpaka leo sijui niliutoa wapi. Tukamburuta nje mpaka barazani, mvua inampiga usoni, akatoa pumzi moja, kisha nyengine. Mtoto nilimchukua mimi kitandani. Alikuwa amefungwa vizuri kwenye kanga mpya ya shangazi yake.

Bwana Cleopa, mwalimu kutoka bara anayekaa nyumba ya kupanga ng'ambo ya njia, aliposikia ukelele hakuuliza chama cha mtu wala dini. Alitoa gari yake ndogo, tukajazana, tukaenda Wete na mafuriko yale. Daktari akatuuliza swali moja tu: "Mlimfungia na makaa?" Shatha walimwekea hewa, akarudi. Hamzah hakurudi.

Kichanga hakina jeneza kwetu. Asubuhi yake Nyange alimbeba mwanawe kwa mikono yake miwili mpaka makaburini, akakataa kupokewa na mtu yeyote. Njia nzima alitazama mbele. Mtu mzima akakanyaga matope, akateleza, akainuka, na mzigo wake haukugusa chini.

Sasa sikilizeni hili, maana hili ndilo lililonifanya niseme hadharani. Siku ya tatu ya msiba, tumekaa ndani, Msahafu unasomwa. Mama mmoja, sitomtaja, ajitambue mwenyewe, akamsogelea Aseel, akamnong'oneza: "Mwanangu, ile ya Jumanne hatukuimaliza. Yule mtoto wake alimpata?"

Na Aseel, macho yamevimba kwa kulia, kwa ile tabia tu iliyomwingia, akafungua mdomo: "Alimpata, kumbe yule daktari ndiye..." Hapo akajisikia. Akajiziba mdomo kwa kanga, akainuka, akatoka kwenye mvua bila viatu. Yule mama alibaki ananitazama mimi, eti nimkamilishie! Kilichomwokoa na kofi langu ni heshima ya Msahafu.

Jioni hiyo Shatha aliletwa kutoka hospitali. Tulimkalisha karibu na mama yake. Maziwa yanamtoka Shatha yanalowesha kanga, hakuna wa kunyonya.

"Mama," akasema, "nilikuita."

"Ee, mwanangu."

"Ulinisikia?"

Sisi sote tulikuwa tunajua kelele ya mvua siku ile. Angesema hakusikia, nani angembishia? Tungemuunga mkono, tungesema bati, tungesema upepo. Bi Thuraiya akainua uso.

"Nilikusikia," akasema. "Mara zote nilikusikia."

Shatha akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akafunga dirisha na mlango, na hakumfungulia. Bi Thuraiya alirudi Makoongwe. Nasikia huko wanawake wakijifungua bado wanatuma mtu kumwita, naye anajificha ndani asionekane.

Funzo

Wapo waliosema tuipasue ile televisheni. Wapumbavu! Kasha lile lilijitembeza lenyewe mpaka chumba cha mzazi? Iacheni televisheni, jitazameni nyinyi. Mzazi, mgonjwa na mzee ni amana, na aliyepewa amana hana ruhusa ya kusema "imebaki kidogo". Akiona hawezi, aseme hawezi, apewe mwengine. Moto wa makaa usiachwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa muda wa kufumba jicho, mvua inyeshe isinyeshe.

Na nyinyi wapendekezaji, mnaotembea na flashi kama mnagawa sadaka: kabla hujamsifia mtu kitu cha kumshika, muulize kwanza nani anamtegemea ndani ya nyumba yake. Ukishindwa kuuliza, basi nyamaza. Na enyi majirani, mkiingia kumtazama mzazi, mtazameni mzazi.

Nimemaliza. Ikiwa wewe unayesoma haya umekaa ukumbini, na chumbani yupo mtu amekuita ukamjibu unakuja, weka chini karatasi hii uende. Maneno yangu yatakungoja.