Mwavuli Ukingoni mwa Ngosi

Kiwiliwili cha kuazima kilizinduka langoni mwa msitu wa Ngosi, kikamwona mzee aliyekuja kukiongoza, kikatimua mbio na kujificha migombani.

Viwiliwili hivyo vya chuma na mpira vilikwisha kuzoeleka Rungwe nzima. Mtu wa mbali alikiazima kimoja, akaona kwa macho yake, akanusa kwa pua yake, akahisi ukungu kwenye vidole vyake, ilhali mwenyewe kajilaza kwake. Miguu ilijua kutembea yenyewe. Watalii wa namna hiyo walikuwa na vituko vingi, lakini wa kukimbilia migombani hakuwahi kuonekana.

Aliyekiazima leo alikuwa Mwanaidi, mzaliwa wa Pangani, fundi wa mitambo ya hewa katika kituo cha Mwezini. Mumewe, Andongwisye, alifia huko na kumwachia mimba. Sasa mtoto ameota meno na bado hana jina, kwa kuwa marehemu aliusia kwamba jina litatoka kwa baba yake. Na huyo baba wa marehemu ndiye huyu mwongoza watalii, Mzee Mwasyoge.

Angemwombaje? Mumewe alimfundisha, akicheka lakini bila mzaha, kwamba ukoo wao bado umeshika mila ya Wanyakyusa: mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mwanamke hujibanza migombani mpaka mzee apite. Basi Mwanaidi alijiandikisha kama mtalii, kwa jina la kubuni, akijidanganya kwamba chuma hakina ukwe. Alitaka asikilize habari za mlima na ziwa, huenda humo akaokota jina. Lakini alipomwona mzee, mafunzo ya mumewe yalimpanda miguuni.

Mzee alikwisha kugeuka na kumpa mgongo. Alifungua mwavuli mweusi wenye kiraka, ingawa mvua haikuwapo, akauegemeza begani ukamficha kichwa.

"Karibu Ngosi, mgeni," alisema. "Twende."

Walipanda. Mzee hakutazama nyuma hata mara moja, na Mwanaidi akaona uchungu. Kumbe ndiyo heshima ya waongoza watalii hii?

"Wale mbega," mzee alisema chini ya mwavuli wake. "Na hapo penye mizizi, kijana wangu aliteleza akiwafukuza. Akavunja jino la mbele."

Mwanaidi alilijua jino lile. Alilipenda kuliko yote mazima. Alilia peke yake kule juu, na kwa kuwa kiwiliwili hakina machozi, huku chini kilisimama tu njiani. Mzee alisimama pia, akangoja bila kuuliza.

Walipofika ukingoni, msitu ulikatika ghafla. Chini kabisa, ndani ya kuta za mlima, ziwa lilitulia, la kijani, ukungu ukitambaa juu yake.

"Wewe chuma," mzee akasema akiwa amelielekea ziwa. "Mwambie huyo aliye ndani yako, watalii hawajifichi migombani."

Maneno yalichukua muda kupanda mpaka Mwezini, na jibu lilichukua muda kushuka.

"Mwavuli," Mwanaidi akajibu, "mfikishie mzee anayekushika shikamoo yangu."

"Marahaba. Chuma, muulize, mjukuu wangu ni wa kike au wa kiume?"

"Mwavuli, mwambie ni wa kike. Hana jina bado, ila ana meno mawili."

Mzee alicheka. "Mawili! Basi muulize, atamleta lini nimpakate? Mjukuu hana mwiko."

Mwanaidi alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Mwavuli, mwambie mtoto amezaliwa kwenye wepesi. Mifupa yake haitauweza uzito wa Dunia. Madaktari wamesema hatashuka kamwe. Mimi ningeweza, lakini nitamwachia nani?"

Mwavuli ulianza kutikisika, na upepo haukuwapo. Mzee alilia kwa muda mrefu bila kuficha sauti.

"Chuma," alisema hatimaye, "mwambie amlete mtoto karibu, asikie."

Kisha akaliitia ziwa kwa nguvu zake zote: "Sekela!"

Kuta za mlima zikalirudisha jina, moja baada ya nyingine. Kule juu mtoto aligeuza shingo, akamtafuta anayemwita.

"Ni jina la mke wangu, aliyemzaa Andongwisye," mzee alisema. "Kwetu maana yake furahi."

Mvua ya Rungwe, isiyobisha hodi, ikaanza. Mzee alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akiutoa mwavuli wake. Chuma hakiogopi mvua, na wote wawili walilijua hilo. Mwanaidi aliupokea, akauinamisha mbele ya uso wake kama mkwe apaswavyo, na mzee akabaki akilowa, akiendelea kumwita mjukuu wake.