Gata ya Upande wa Kaskazini

Jumatano, tarehe 14 Juni, saa tatu na robo asubuhi, waliokuwepo barazani kwa Mama Okumi mjini Kanazawa walikuwa hawa: Mama Okumi mwenyewe, mjane na mwenye nyumba, Renji, mwanawe, Fundi Hirobe, mhunzi wa shaba, Mzee Isurugi, mtunza bustani wa nyumba hiyo kwa miaka arobaini, Bwana Minamide, mwenyekiti wa mtaa, na Sajini Kitamaki, mwanamke mpole wa kituo kidogo cha polisi kilicho karibu na daraja.

Mvua ilinyesha taratibu, kama inayonyesha ndani ya usingizi wa mtu.

Kilichoibwa kilikuwa gata ya shaba inayokinga maji ya paa upande wa kaskazini, vipande vitatu, iliyofungwa Novemba iliyopita. Mama Okumi aliondoka Jumatatu saa mbili asubuhi kwenda kwenye chemchemi za maji moto pamoja na wanawake wa mtaa, akarudi Jumanne saa kumi alasiri.

"Niligundua kwa masikio, Afande," alisema. "Kabla sijavua viatu. Maji ya gata ile huteremka kwenye mnyororo wa vikombe vidogo vya shaba, kikombe hadi kikombe, mpaka kwenye beseni la jiwe. Hunong'ona. Jana hapakuwa na mnong'ono. Nilisikia paa likitapika tu."

Bwana Minamide alikohoa. "Tusizunguke. Mwizi yuko hapahapa. Nani mwingine anayejua kuachanisha gata ile bila kuikata? Kamati inakaa saa sita mchana kuamua nani apewe kazi ya paa la hekalu, na mimi simkabidhi hekalu mtu wa namna hii."

Fundi Hirobe aliiweka chini bilauri yake ya chai. Alikuwa ameungoja mwaka mzima uamuzi wa kamati hiyo. "Mwenyekiti, niite mlevi, niite mchelewaji, nitacheka na wewe. Mwizi, hapana."

"Fundi," alisema Sajini, "gata ile ina faida gani hata mtu aitamani?"

"Itawazika wajukuu wa huyu Renji, Afande. Plastiki hupasuka theluji ikiporomoka juu yake. Bati huliwa na kutu. Shaba hujivika utandu wa kijani, na utandu huo ndio blanketi lake. Viungo nimeviunganisha kwa lehemu, havivuji. Wala majani hayaoti ndani yake yakaiziba. Sasa niipandishe kwa mikono yangu, kisha niishushe ili iweje?"

"Na wewe, Renji? Nasikia ulitaka plastiki."

"Nilitaka, sikatai. Lakini tangu Jumapili hadi jana nilikuwa Osaka. Piga simu ofisini kwetu."

"Nimeshapiga. Ulikuwepo. Wanasema ulisinzia kikaoni mara mbili."

"Mara moja!" Renji alifoka, na mama yake akamkata jicho.

"Ni marehemu mume wangu aliyeitaka shaba," Mama Okumi alieleza. "Gata ya plastiki ilipasuka, ukuta wa kaskazini ukaloa miaka sita, mpaka nguzo ikawa laini kama tofu. Kitandani, siku zake za mwisho, aliniambia, 'Usiiache nyumba ilie.' Mvua za mwezi huu zikiukuta ukuta ule wazi, nguzo mpya nayo itaoza."

Sajini Kitamaki alifungua mwavuli wake akatoka, nao wakamfuata kwa mawe ya kukanyagia. Bustani ya kaskazini ilikuwa zulia moja la kuvumwani, ule mmea mfupi unaotanda kwenye unyevu, kijani kilichokolea hata ukungu juu yake ukaonekana wa kijani. Sajini alitazama kwanza juu, kisha chini, na hakuwa na haraka.

Saa nne kasorobo aliufunga mwavuli chini ya upenu.

"Gata ya kusini nayo ni ya shaba, na iko kando ya barabara. Mwizi wa shaba angeifikia bila hata kuingia uani, lakini hakuigusa. Kulabu za huku zimekunjuliwa polepole, hazina hata mkwaruzo. Tena tazameni chini. Mtu amepandisha ngazi hapa akashusha vipande vitatu, na hakuna alama ya mguu. Kuna alama hafifu za mbao zilizolazwa kwanza. Mwizi gani huyu anayekuja kuiba huku akiionea huruma kuvumwani?"

Bwana Minamide alitazama viatu vyake.

"Kando ya beseni," Sajini aliendelea, "kuna mahali penye umbo la upepeo palipokauka, na mtu amepandikiza kuvumwani mpya juzijuzi. Mzee Isurugi, naomba tukalione banda lako."

Bandani kulikuwa na majembe, vikapu, na mafungu manne ya mianzi mirefu ambayo kila Novemba husimamishwa juu ya misonobari na kushikilia kamba, theluji isivunje matawi.

"Mianzi hii hufungwa lini, Mzee?"

"Machi. Theluji ikishakwisha."

"Kisha hufunguliwa lini?"

"Novemba." Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mafungu matatu yana kamba za kahawia, zimekula vumbi la miezi mitatu. La nne lina kamba ya majani ya mpunga ya njano, bado inanukia shamba."

Mzee Isurugi alipiga magoti, akafungua fundo kwa vidole vyake, na katikati ya mianzi vipande vitatu vya shaba vikang'aa, vimeviringishwa kwenye mkeka kama watoto waliolazwa.

"Wewe, Mzee?" Mama Okumi alinong'ona.

"Maji ya gata yanaiua kuvumwani, Mama. Nilikwambia mwezi wa nne. Ukaniambia, 'Bustani itazoea.' Kila asubuhi nilikuta imekufa upana wa kiganja kingine. Miaka arobaini nimeipalilia kwa kibano, kijani kimoja kimoja."

"Ungeniambia mimi!" Fundi Hirobe alipaza sauti. "Ni kweli shaba huzuia kuvumwani isiote, ndiyo maana gata na paa hubaki safi. Lakini gata ile ilikuwa inayakusanya maji, Mzee, haiyamwagi bustanini. Beseni ndilo linalofurika! Tundu lake limezibwa na mchanga. Ningekutengenezea mfereji wa kokoto mpaka mtaroni kwa siku moja. Umeitoa, sasa paa lote linamwaga humu. Njoo uone!"

Chini ya ukingo wa paa, matone ya siku mbili yalikuwa yametoboa zulia mstari mzima wa vishimo, udongo mweusi ukiruka. Mzee aliinama, akakiingiza kidole katika kishimo kimoja.

"Kwa nini ulimwacha Fundi abebe jina la wizi?" Sajini aliuliza.

"Nilidhani watawasingizia wapita njia. Jana jioni niliposikia jina lake nilikwenda hadi langoni kwake. Nikarudi. Nikaenda tena. Nikarudi tena."

"Mali haijatoka uani," alisema Sajini. "Kama kuna mashtaka au hakuna, kwanza nataka kauli ya mwenye mali."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mama Okumi alipanda barazani, akawageukia wote.

"Nimeamua. Sishtaki. Gata inarudi leo, na mfereji wa kokoto utachimbwa. Mzee ndiye atakayeonyesha upite wapi. Mzee, utabaki na bustani yako, na ukiona kitu kinakufa utanisumbua mpaka nisikie. Lakini kabla ya saa sita utakwenda kwenye kamati kwa miguu yako, uwaambie kwa mdomo wako uliyoyafanya. Nawe, Mwenyekiti, utafuatana naye, na mbele ya watu walewale utamwomba Fundi radhi. Chukueni miavuli."