Taa Iliyogoma Kuwaka

Soko la mitumba lilikuwa limefurika watu, na Mkasi alikwenda kununua zipu tu. Zipu na uzi mweusi, basi. Lakini mshonaji huyu, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake wala si kazi yake, hakujua kupita penye kundi la watu bila kuchungulia. Akapenyeza bega moja. Akapenyeza na la pili.

Katikati ya duara, juu ya meza, redio ya zamani ya mbao ilikuwa imewageuzia watu mgongo wake ulio wazi. Ndani, taa zake ndogo za kioo zilianza kupata wekundu kama makaa yaliyopulizwa.

"Mbona haisemi?" mtu akauliza.

"Redio ya taa haikurupuki, mzee wangu," fundi akajibu. "Lazima ipate joto kwanza. Mtu ukimwamsha, si unampa nafasi apanguse macho?"

Redio ikakohoa, ikanguruma, ikaimba. Watu wakashangilia. Mkasi hakushangilia. Sauti ile ya fundi aliijua hata akiwa usingizini. Ndiye! Shati la samawati lililonyooka pasi, mikono imekunjwa hadi viwikoni, na yale macho ya kumsahaulisha mtu alichotumwa.

Fundi Waya. Mwanamume aliyesema atakuja na wazee wake kumposa.

Siku ile nyumba ya bibi yake Mkasi ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Mkasi akaketi ndani ya gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, shanga kwa shanga. Chakula kikapoa. Jua likahama dirisha hili, likaenda lile. Hakuja mtu. Mtaa ukalifanya jambo hilo kitafunio, ukalitafuna hadi meno yakachoka. Mkasi akaikata laini yake ya simu vipande viwili, na gauni nalo akalikatakata. Akaapa: aibu ile itarudi kwa mwenyewe, mbele ya watu walewale.

Macho yakakutana.

"Mkasi..."

"Kumbe u hai! Mimi nimeshakuombea kama marehemu."

"Nipe nafasi nikueleze."

"Sitaki maelezo. Redio ya babu unaikumbuka? Tangu azikwe, nayo ni bubu. Bibi anaililia. Utaitengeneza?"

Uso wa Waya ukafunguka kama dirisha. "Hiyo? Hata leo, malkia."

Mkasi akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la paka aliyeukuta mlango wa jiko uko wazi.

Basi akampa namba yake mpya, zikaanza simu. Waya alipiga asubuhi, akapiga mchana.

"Leo nimesafisha vumbi, mpenzi. Nimekuta kiota cha panya."

"Nani mpenzi wako? Panya?"

"Panya kahama. Nafasi iko wazi."

"Fundi, wewe fukuza panya, usitafute mpangaji."

Waya alicheka, na Mkasi akajikuta akicheka naye. Akaukasirikia mdomo wake. Kila Waya alipoanza, "Kuhusu siku ile," Mkasi alimkata: "Habari ile haisemwi kwenye simu. Utanieleza redio ikishasema." Kimoyomoyo akaongeza: ikishakuumbua. Lakini siku simu ilipochelewa kulia, alijichoma sindano kwenye kidole gumba akiitazama.

Siku ya kurudisha redio, Bibi akaalika mtaa mzima kwa alasiri. Waya aliileta asubuhi, mbao zinang'aa, waya wote mpya, akaijaribu ikaimba, akaenda kubadilisha nguo. Aliacha pia kifurushi cha vipuri vibovu, maana fundi mwaminifu humrudishia mwenye mali hata kilichokufa. Ndani yake mlikuwa na taa moja ambayo kioo chake kilipasuka ufa mwembamba, hewa ikaingia, kikapauka cheupe kama jicho la samaki wa kuchemsha.

Mkasi akafungua mgongo wa redio. Akachomoa taa nzima iliyofanana na ile, akachomeka iliyokufa. Nzima akaiviringisha katika kipande cha kitambaa, akaitia mfukoni. Kisha akaufunga mgongo wa redio.

Alasiri nyumba ikafurika. Ndoo zikapinduliwa tena. Waya akaja na suti ya kijivu, shangazi yake ubavuni, mama mnene mwenye kilemba cha kijani. Akasalimia wazee, akazungusha kitufe.

Watu wakangoja. Redio ikawa kimya. Wakangoja tena.

"Lo! Leo tena!" jirani wa mlango wa pili akapasua kimya. "Huyu kijana na nyumba hii hawapatani. Mara mwenyewe haji, mara anakuja na sanduku bubu!"

Vicheko vikaezua paa. Mkasi alisimama mlangoni akivinywa kama maji ya kiu. Ndiyo, wacheke. Wacheke mpaka walie.

Waya akafungua mgongo wa redio, akapitisha kiganja karibu na kila taa. Moja ilikuwa baridi. Akaichomoa kwa leso, akaigeuza kwenye mwanga, akaona weupe wake. Akainua macho, akamtazama Mkasi. Amejua. Mkasi akainua kidevu: haya, nitaje, tugombane mbele ya watu.

"Samahanini," Waya akasema. "Kosa ni langu. Nimechomeka taa mbovu."

"Kosa lako?" Shangazi akaruka kutoka kwenye ndoo yake. "Si ulichomeka ile nzima uliyoipaka nukta ya rangi ya kucha? Iliyotaka kukuua?"

"Shangazi, nakuomba."

"Usiniombe! Siku ya posa mtoto huyu ameshavaa suti. Akasema ngoja nichomoe taa kwenye redio yangu, nimpelekee bibi wa watu zawadi, redio ya babu iseme. Redio hizi hata ukizizima, umeme hubaki umejificha ndani, sharti uutoe kwanza. Dunia nzima anaifundisha yeye! Siku hiyo akasahau, kwa haraka ya kwenda kuoa. Ukamtupa ukutani, akazimia, tukashinda hospitali. Onyesha mkono!"

Waya hakuuonyesha. Shangazi akaukunjua mwenyewe: kovu lilikatiza kiganja.

"Na mbona hamkusema?" Bibi akauliza.

"Nilikuja kesho yake! Bikizee mmoja akanimwagia maji ya vyombo nilipotaja tu jina la Waya." Akakodoa macho. "Ala! Si wewe?"

Bibi akatazama dari. "Yalikuwa safi kidogo," akasema.

Hata jirani hakucheka. Mkasi aliingiza mkono mfukoni, akafunua kitambaa. Kilikuwa cha zambarau, kina shanga mbili. Taa ilikuwa na nukta nyekundu ubavuni, rangi ya kucha aliyoisahau zamani kwenye meza ya Waya.

"Taa nzima ninayo mimi," akasema. "Niliitoa ili mumcheke."

"Mjukuu wangu!"

Waya akaipokea, akaichomeka. Wekundu ukapanda polepole, kisha sauti ikajaa chumba, Bibi akajifunika uso kwa mtandio.

"Sasa je, mpenzi?" Waya akanong'ona. "Tumelipana?"

"Nani kakwambia? Deni langu liko palepale. Jumamosi uje na wazee wako. Kiti changu cha siku ile utakikalia wewe."

Jumamosi Waya akaja mapema na wazee wake, suti ileile. Watu walishajaa. Kiti kikamtoa jasho. Nyuma ya pazia Mkasi, ndani ya gauni jipya la zambarau, alikuwa ameshamaliza kuvaa zamani. Simu yake ikatetemeka.

"Mkasi, chakula kinapoa."

"Kipoe."

"Jirani ameanza kunitolea macho."

"Vizuri. Yanauma, eh?"

"Yanauma, mama. Wallahi yanauma."

"Redio ya taa haikurupuki, kipenzi. Kaa upate joto."

Akakata simu. Akalitazama jua hadi lilipohama dirisha hili na kuligusa lile. Ndipo akanyanyuka, akapanga shanga kifuani, akalisogeza pazia.