Wito Kutoka Ndani ya Kasha

Hebu wazia chumba kisicho na dirisha nyuma ya duka huko Murungu: mvua inapiga bati, umeme unafifia, na kompyuta imeganda. Humo ndimo rafiki yangu Akimana, fundi wa Kasulu, alimofanya kazi.

"Dada, ndani mna sauti ya mama," alisema Esteri, mwenye duka. "Tulimrekodi kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla hajafa. Sina nyingine."

"Usilie basi. Nishikie tochi."

Akimana alimweleza taratibu. Diski ikimaliza kazi huita, kama mtoto anyooshaye kidole darasani, na kiini cha mfumo, programu inayoongoza kompyuta nzima, huitika. Hii iliita mfululizo bila sababu, ikigonga ko, ko, ko, mpaka kiini kikaelemewa na kuganda.

"Kwetu ukiitwa na usiyemwona, huitiki," alinong'ona Esteri.

"Mashine haina mwiko, dada!" Akimana alicheka. Akawasha mfumo kutoka kwenye flashi, akauagiza uitike kila wito bila kuuliza anayeita ni nani.

Kompyuta ikatulia. Akanakili ile sauti, kisha akaichomoa diski.

Ko, ko, ko. Kasha la kompyuta halikuwa na diski tena, lakini kwenye kioo chake kila pigo liliandika wito mpya.

Esteri akainama gizani. "Karame," akaitika polepole kwa lugha ya kwao, kama binti aitikavyo mama yake.

Kugonga kukakoma.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mwanangu: diski ilikuwa kiganjani mwa Akimana, haina waya.