Mchanga wa Stanislausi

Tulitumwa kuchagua kambi, basi. Hatukutumwa kwa mganga wala makaburini. Wanawake wa dagaa wa Bukima walituambia mimi na wifi yangu Wegesa: tangulieni, mkatazame ufuko mzuri, giza la mwezi likianza na sisi tunakuja na mabeseni yetu. Tukaondoka alasiri, kila mmoja na kanga ya kujifunika na kipande cha muhogo. Jua lilipoanza kuzama bado tulikuwa tunatembea.

Anayeijua kazi hii anajua kambi ndiyo kila kitu. Dagaa zinavuliwaga usiku usio na mwezi, kwa taa za karabai, asubuhi zinaanikwa. Ukizianika kwenye majani zinaoza, ukizianika kwenye tope unalisha kuku. Unatakiwa upate mchanga mkavu, ulioinuka, wenye upepo. Ukikosea, giza zima umefanya kazi ya bure, na watoto nyumbani wanakutazama mikono. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imeanzaanza. Mjini Musoma sabuni ilikuwa imerudi madukani, lakini kwa wengi wetu ilikuwa sabuni ya kutazama.

Mimi nilikuwa mjane. Mume wangu Masatu, kaka yake Wegesa, alikwenda kuvua wakati wa masika na hakurudi. Mtumbwi ulikutwa umepinduka upande wa kisiwa cha Rukuba. Yeye hapana. Ziwa likikunyima mwili, kwetu unakata mgomba, unauvalisha sanda, unauzika badala ya mtu, ili marehemu asihangaike. Tukauzika. Katekista alisoma sala huku anaangalia pembeni. Mama mkwe wangu, Dorotea, alilia mpaka sauti ikakauka.

Mimi sikulia. Watu wakasema nina roho ngumu. Roho ngumu gani? Ndani kulikuwa hakuna kitu. Ukiniambia kula, nakula. Ukiniambia twende, naenda. Ndiyo maana Wegesa alinichukua siku ile.

"Wifi," alisema, "ukizidi kukaa humo ndani utaota uyoga."

Mdomo wa Wegesa haukuwaga na breki.

Ufuko wa kwanza ulikuwa mawe matupu, na uchafu wa wavuvi waliopita. Wegesa akatema mate. "Hapa hata kenge angehama." Tukasonga mbele. Njia ikawa nyembamba, kisha ikaisha, tukawa tunafuata ukingo wa maji. Halafu mchanga ukaanza kupanda. Vilima, kimoja nyuma ya kingine, vyeupe, vikavu, upepo unapita juu yake bila kizuizi. Sijawahi kuona mahali pazuri pa kuanika namna ile.

Na dagaa zilikuwepo. Zimetandazwa toka kilima hadi kilima, nyembamba, sawasawa, kazi ya mikono mingi.

Lakini hakuna mwanamke hata mmoja. Hakuna moshi. Hakuna sauti.

Na hakuna ndege.

Dagaa zikianikwa wazi, yangeyange na kunguru wanakutoa jasho kutwa kuwafukuza. Pale hapakuwa na hata unyoya. Nikatazama chini kutafuta nyayo za walioanika. Mchanga ulikuwa umefagiwa.

Upepo ukaleta harufu. Siyo ya samaki. Ilikuwa pumba iliyolowekwa mpaka ikachacha...

"Karibuni, akina mama."

Alikuwa amesimama nyuma yetu. Mwanaume wa makamo, shati safi, saa mkononi, viatu vya ngozi vinang'aa hapo hapo mchangani. Alisema anaitwa Stanislausi, ananunua dagaa na kuzipeleka Bunda na mbele ya Bunda. Nyuma yake niliona banda la mabati mapya na boti yenye mashine. Akatupa pole ya msiba. Sikumuuliza amejuaje. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi, nikadhani ni hiyo.

Akatupa chai. Wegesa aliionja, akanikanyaga mguu.

"Sukari, wifi," akanong'ona. "Sukari yenyewe."

Kisha akamgeukia yule bwana. "Wanaokuanikia wako wapi?"

"Wamelala. Wanafanyaga kazi jua likizama."

"Kwa nini?"

"Mchana linawaumiza," akasema, akatuongezea chai.

Tulitaka kuondoka, lakini giza lilikuwa limeshaingia, na kambi huwezi kuwapeleka wenzako bila kuilalia kwanza. Ndiyo desturi yetu. Waliotumwa wanalala usiku mmoja juu ya mchanga mtupu, bila mkeka. Wakiota vibaya, kambi imekataa. Wegesa akachimba kishimo cha kiuno, akajilaza, akasema yeye ataota sukari tu.

Nikalala. Mchanga ulikuwa wa baridi kuliko maji.

Sijui nilisinzia kiasi gani. Nilichosikia kwanza ni sauti.

Fyaa... fyaa... fyaa...

Sauti ya dagaa zinageuzwa. Naijua toka utoto. Nikapapasa pembeni, Wegesa hayupo. Nikainuka, nikapanda kilima, nikachungulia upande wa pili.

Walikuwa wengi. Wanaume na wanawake, wameinama kwenye mstari, wanageuza dagaa gizani bila taa. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Uliwahi kuona watu wanafanya kazi bila hata mmoja kuguna? Nguo zao zilikuwa zile walizovaa siku ambayo sijui ilikuwa siku gani kwao, zimechanika, zimeganda mwilini. Kando yao palikuwa na pipa, na harufu ile ya pumba ilitoka humo.

Bibi zetu walituambia habari za misukule. Mtu unamlilia, unamzika, kumbe amechukuliwa, anafanya kazi usiku kwa bwana wake, analishwa pumba, ulimi umekatwa asije akasema. Tulikuwa tunasikiliza tunacheka, tunasogeana.

Nikateremka. Sikujua kwa nini nateremka. Miguu ilitaka, nikaiacha.

Nilimjua kwa mkono. Masatu alikatwa vidole viwili vya kushoto na kamba ya nyavu, kabla hatujaoana. Mkono ule ulikuwa mbele yangu, unageuza dagaa.

"Masatu."

Hakuinua kichwa.

"Baba Nyamburi."

Hapo akanitazama. Akafungua mdomo. Ndani mlikuwa na weusi tu, na kitu kifupi kinachezacheza. Kisha akainama, akaanza kulainisha mchanga niliokanyaga. Nikirudi hatua moja, anafuta. Nikirudi nyingine, anafuta. Uso wake haukuwa na hasira wala huruma. Nilijiona mimi mwenyewe pale, mimi wa miezi ile.

Nilingoja moyo udunde. Haukudunda.

"Unamfahamu?"

Stanislausi alikuwa pembeni yangu. Aliongea taratibu, kama mtu aliye kanisani.

"Ni mume wangu."

"Mimi simchukui mtu kwa nguvu, mama. Ziwa linaleta, mimi naokota."

"Mrudishe."

"Na kazi yake nani ataifanya?" Akakunja mkono wa shati. "Walete wenzako. Kambi mmeiona, mchanga mmeuona. Wakishazoea hapa, huyu nakupa, ondoka naye."

"Wakizoea nini?"

"Watazoea tu."

Nikamtazama Masatu, bado anafuta. Yeye akaendelea, "Hata mmoja anatosha kwa mmoja. Ila aje mwenyewe. Wa kusukumwa wananisumbuaga."

Akaondoka. Masatu alikuwa ameshafuta nyayo zangu zote, amerudi kwenye mstari, na mimi sikuweza tena kumtofautisha na wengine. Nikarudi kilimani. Wegesa alikuwa amelala pale pale, kanga mpaka kichwani. Alikuwa anatetemeka.

Alfajiri tuliondoka bila kuaga. Banda lilikuwa limefungwa, dagaa zimegeuzwa zote. Tulitembea mpaka vilima vikapotea nyuma ndipo Wegesa akasema.

"Umemwona."

"Nimemwona."

"Mimi nilitangulia. Yule bwana alikuambia?"

"Aliniambia."

"Na mimi. Maneno ni hayo hayo."

Tukatembea. Wegesa hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilinitisha kuliko usiku mzima.

"Tuwalete," akasema.

"Nani?"

"Wenzetu."

"Lukresia ana mtoto mgongoni, Wegesa."

"Najua."

"Tereza ana mimba."

"Najua, wifi. Lakini yule ni kaka yangu. Tumelala tumbo moja." Akanishika mkono akanisimamisha. "Ni mume wako."

"Ni mume wangu," nikasema. "Na siwaleti."

Akaniachia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nilimwonea wivu kwa hayo machozi.

Tulipofika niliwaambia wanawake kwamba mchanga wa mbele unaonekana mkavu lakini chini una maji, dagaa zitanuka tope. Walimtazama Wegesa. Angesema neno moja tu, wangekwenda, maana yeye ndiye walimwamini. Wegesa akainamisha macho. "Tukae kwenye mawe," akasema.

Tukakaa kwenye mawe. Tulianika juu ya nyavu chakavu, nusu ikaliwa na kunguru, wenzangu wakanilaumu mchana kutwa. Niliwasikia kama watu wanaoongea nyumba ya pili. Usiku nilikuwa nasikia fyaa... fyaa... na mawimbi yalikuwa yametulia.

Giza la mwezi likiwa katikati, jioni moja, Wegesa aliosha vyombo vyote, hata visivyo vyake. Akamsuka Lukresia nywele. Kisha akajifunga kanga vizuri, akasema anakwenda kutafuta kuni.

Upande aliokwenda hakuna kuni.

Nilisimama. Aligeuka mara moja, akanikunjia uso kwa utani, vile anavyofanyaga, kisha akaendelea kutembea. Sikumwita. Nikamtazama mpaka macho yakaishia.

Asubuhi niliwaambia wanaume habari za Stanislausi na banda lake, wakaenda kumtafuta Wegesa. Walifika mpaka vilimani. Wakasema hakuna kambi pale, hakuna banda, hakuna boti, hakuna mtu anayeitwa Stanislausi. Mchanga tu. Mmoja wao, Bernado, alisema mchanga wenyewe ulikuwa laini mno, hauna hata alama ya ndege, akaona vibaya kuukanyaga.

Siku hiyo hiyo nikaitwa nyumbani mbio. Dorotea alikuwa amefungua mlango alfajiri akamkuta Masatu amekaa kizingitini.

Mji mzima ulikuja. Wengine walikimbia, wakarudi. Katekista alimmwagia maji ya baraka, hakuungua, basi watu wakaimba. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema ulimi ulikatwa zamani na kidonda kimeshonwa vizuri sana, akauliza nani alimshona. Wapo wanaosema aliangukia kwa wezi wa ziwani, wale wa magendo, wakamfanyia hivyo asije akawataja. Inawezekana. Miaka ile mambo ya namna hiyo yalikuwepo. Daktari mwenyewe aliandika kwamba akili imepata mshtuko.

Kuhusu Wegesa walisema amefuata mchuuzi, yuko Musoma anakula chipsi. Na hilo watu waliliamini upesi, kwa sababu ya mdomo wake.

Basi mume wangu amerudi. Watu wanakuja kunipongeza. Nasema asante. Ugali hali, samaki hali. Nilimwekea pumba ya kuku siku moja, kwa kujaribu tu, akamaliza bakuli. Mchana analala amefunika uso. Jua likizama anaamka, anashika ufagio, anafagia uwanja. Mwanetu Nyamburi akipita kumsalimia, anafuta nyayo za mtoto. Usiku namlaza kitandani, namfunika, nalala pembeni yake. Ni wa baridi. Mimi pia, kwa hiyo hatusumbuani.

Dorotea ndiye nilikuwa namhofia. Wiki za kwanza alikuwa anafurahi, anamlisha mwanawe kwa mkono. Kisha akaacha. Anakaa nje jioni anamtazama anavyofagia, hamwongeleshi. Chakula chake kinapoa.

Jana nilikuwa namenya muhogo, akaja akakaa karibu yangu.

"Mama Nyamburi."

"Bee, mama."

"Wegesa alipotea jioni. Masatu akarudi asubuhi yake."

"Ndiyo, mama."

Masatu alikuwa uwanjani, anafagia. Fyaa... fyaa... Dorotea akasikiliza. Hakulia. Niliutazama uso wake nikaona umeshakuwa kama wangu.

"Kule mchangani mlilala wote wawili, wewe na yeye."

"Tulilala."

"Ni mbali?"

Nilitazama miguu yake. Imevimba, ya mzee, kanisani penyewe anafikaga ibada iko katikati.

"Ni mbali, mama. Hutafika."

Akashika ukuta akainuka, akaanza kujifunga kanga kiunoni.

"Nitakwenda polepole," akasema.