Sauti ya Shujaa

Walikutana Jumamosi, duka limefurika watu mpaka foleni imeingia kwenye rafu za sabuni. Kijana aliyekuwa akitangaza bei kwenye kipaza sauti, wenzake walimwita Redio. Mbele yake akasimama msusi mmoja, gauni la manjano, mwavuli kwapani, akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe? Nilidhani mwenye sauti hii ni baba mtu mzima mwenye kitambi."

"Kitambi kinakuja, mpenzi. Nivumilie."

"Mpenzi wa nani?"

Wa kwake, basi. Simu za mchana, simu za jioni, mpaka mwenye saluni akaanza kununa. Na siku Redio alipochaguliwa kutia sauti ya Kiswahili kwenye sinema ya ng'ambo, ile ya mwanafunzi wa mchawi, msusi alitangaza kuliko yeye mwenyewe. Tena sauti ya mwanafunzi hasa! Akamkatia tiketi hata shangazi yake, mama aliyemlea, ambaye bila idhini yake hakuna mwanamume angemposa.

Sasa hapo ndipo Redio alipojiharibia. Wiki moja kabla ya onyesho, watu wa studio walimpigia simu: wamemtoa, wameweka mwingine. Alipaswa kusema siku ile ile. Akasema kesho, kesho ikawa kesho kutwa, na jamani, kumwambia mwanamke aliyekwisha kukusifia mtaa mzima si mchezo. Akachana nywele, akaenda sinema.

Sinema yenyewe ilikuwa hovyo. Joka lilikwenda kwa kukwamakwama, ndevu za mchawi zimebanduka upande mmoja. Halafu mwanafunzi akafungua kinywa, ikatoka sauti nyembamba ya mtu mwingine kabisa.

"Ndiye huyo?" shangazi aliuliza.

Uso wa Redio uliwaka moto. "Naenda msalani," alinong'ona, akatoka, akapita msalani, akapita mlango mkubwa, akaenda kwao.

Simu iliita. Akaiangalia tu. Kesho yake ikaita tena na tena, mwishowe akapokea.

"Uko hai?" msusi aliuliza.

"Nipo. Nisamehe. Najua umeniona mwongo."

"Mwongo ni mimi. Shangazi aliuliza, nikamwambia ndiye wewe, umeibana sauti kwa ustadi. Nimemdanganya mama aliyenilea, nageuka, kiti chako kitupu."

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe tangu atolewe alikuwa akionea haya sauti yake. Sasa alijionea haya mwenyewe, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Niko njiani kuja kwa shangazi," alisema.

Alifika na shati jeupe lililolowa jasho mgongoni. Shangazi alikuwa sebuleni anakunja nguo, msusi yuko pembeni, na kiti hakukaribishwa.

"Shangazi, sauti ile haikuwa yangu. Walinitoa wiki moja kabla, nikanyamaza."

"Mwanangu, mimi nina masikio. Nilikuwa nangoja tu nani ataniambia." Akamgeukia mpwa wake.

Msusi aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyekudanganya, shangazi." Akasogea, akasimama karibu na Redio, wote wawili macho chini.

"Walikutoa kwa nini?" shangazi alimuuliza Redio.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Walisema sina sauti ya shujaa."

"Hapo hawakukosea. Shujaa haachi mchumba gizani akasingizia choo."

Msusi alicheka, halafu kicheko kikageuka machozi.

"Nataka kumuoa," Redio alisema polepole. "Kama unaona sifai, niambie hapa hapa, asikie."

"Muulize mwenyewe."

Msusi alijifuta macho kwa kiganja. "Nakubali. Ila aibu zako uniletee mapema, mpenzi, wakati bado ni zako peke yako."